Chokaa Kwenye Bega la Bi Foronya

Hospitalini kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Zamani, wodi ya upasuaji ilirudisha foronya arobaini ikidai zimefuliwa vibaya. Yeye akazibeba zote kichwani, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akazitandaza moja moja mbele ya muuguzi mkuu na kumwambia, "Nioneshe doa." Doa halikuonekana. Tangu siku hiyo akawa Bi Foronya. Mimi niliajiriwa miaka mingi baadaye, lakini kisa hicho nilisimuliwa siku yangu ya kwanza kazini, na nikasimuliwa tena siku ya pili na mtu mwingine.

Tulifanya kazi pamoja chumba cha kufulia kwa miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa na ishirini na miwili. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kukunja. Shuka inatoka kwenye rola la pasi ikiwa bado ya moto, mmoja anashika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, mnakung'uta, mnainua mikono juu ya vichwa, mnaendeana mpaka mnagusana vidole, kisha mnarudi nyuma tena. Ukifanya hivyo mara mia tatu kwa siku, mwenzako unamjua kuliko ndugu zake wanavyomjua. Unajua amelala au hakulala. Unajua amekula au amekunywa chai tupu.

Ndiyo maana mimi niliona mapema kwamba mkono wake wa kulia haupandi. Kwanza aliniomba tubadilishane upande wa meza. Halafu akawa anaurusha ule mkono badala ya kuuinua, kama mtu anayetupa kitu dirishani. Halafu akawa anausukuma kwa mkono wa kushoto, akidhani sioni.

"Dada, bega hilo vipi?"

"Nimelilalia vibaya."

Miezi minne alikuwa analilalia vibaya. Siku moja nikamwambia, "Basi badilisha kitanda." Akacheka kidogo, ule mcheko wake wa kupumua puani, akavuta shuka nyingine.

Kumbe kitanda kilichokuwa kinamwumiza si chake. Mama mkwe wake alipata kiharusi miaka mitatu nyuma, upande wa kushoto ukafa wote, akaletwa nyumbani kwa mwanawe. Huyo mwana, mume wa Bi Foronya, ni dereva wa malori ya safari ndefu, mtu mwema tu, lakini nyumbani huonekana siku sita kwa mwezi. Watoto wao wamekua, kila mmoja na maisha yake. Kwa hiyo kila alfajiri kabla ya kuja kazini Bi Foronya alimgeuza bibi, alimwosha, alimbadilisha nguo, alimkalisha na kumlisha. Jioni akirudi, hivyo hivyo. Mchana alikaa naye jirani mmoja mzee, ambaye aliweza kumpa maji na kumfukuzia nzi, basi.

Mawifi walikuwepo, wawili, tena si mbali. Wifi mkubwa alikuwa na duka na wifi mdogo alikuwa na mgongo. Duka halifungwi na mgongo haupindi. Walipokuja kumtazama mama yao walikaa kwenye viti, wakasema, "Wifi, wewe ndiye unayemwelewa mama," wakaondoka wakiwa wameridhika kwamba wamemsifu mtu.

Siku bega lilipokataa kabisa ilikuwa Jumanne, siku ya shuka za wodi ya wazazi, ambazo ni nyingi kuliko zote. Tulikuwa tumeshika shuka, tumeinua, na kabla vidole havijagusana nikaona uso wake umegeuka rangi ya jivu. Aliachia. Shuka ikaanguka sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akarudi nyuma hatua tatu, akaketi juu ya rundo la nguo chafu, yeye ambaye hutunyima hata ruhusa ya kuliegemea.

"Dada!"

"Usiniguse," alisema. "Usiguse hata nguo. Subiri kwanza."

Nilisubiri. Jasho lilimtoka kama amemwagiwa maji. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama mtu ameingiza pasi ya moto ndani ya bega halafu akaisahau huko.

Msimamizi wetu alikuja, akasimama, akashika kiuno. Ni bwana mpole ambaye hajawahi kumdhuru mtu wala kumsaidia. "Pole sana," alisema. "Hizi shuka za wazazi zinasubiriwa lakini."

Chumba kizima kilikuwa na dawa yake. Mpiga pasi wa pembeni alisema ni baridi imeingia kwenye mifupa. Mama wa kupokea nguo alisema ni jicho la mtu, na akataja hadi wodi ambako mtu huyo anafanya kazi. Mwingine akasema akande kwa maji ya chumvi. Bi Foronya aliwasikiliza wote akiwa amefumba macho. Mwisho akasema, "Jamani, tuko hospitali," nami nikampeleka kwa daktari.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana, mwenye heshima, na nje kwake foleni ilifika hadi ngazini. Alimwambia ainue mkono. Haukuinuka. Alijaribu kuuinua yeye, Bi Foronya akamshika kifundo cha mkono na kumwambia, "Mwanangu, tusigombane." Akampa vidonge vya maumivu na kumwandikia kipimo cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ya nyama na kano, si mifupa peke yake. Zamu yake ilipangwa baada ya wiki tatu.

Wiki hizo tatu sipendi kuzikumbuka. Alikuja kazini kila siku. Mimi nilikunja shuka kwa kufungia pembe mbili kwenye ndoano ya ukutani, na yeye akapanga foronya kwa mkono wa kushoto. Nyumbani aliendelea kumgeuza bibi. Nilimwuliza anamgeuzaje kwa mkono mmoja. Akasema, "Kwa mkono mmoja na meno." Nilidhani ni utani. Siku moja nilipita kwake jioni nikamwona: ameuma ncha ya shuka iliyotandikwa chini ya bibi, ameshika ncha nyingine kwa mkono wa kushoto, anavuta. Bibi alikuwa anamwangalia kwa lile jicho lake moja zima. Nikavua viatu, nikashika upande wa pili.

Siku ya kipimo nilimsindikiza. Sisi wa chumba cha kufulia tulikijua chumba cha sumaku kwa simu tu. Magauni ya wagonjwa wake tuliyaweka rafu ya peke yake, kwa sababu ni ya kamba tupu, hayana vifungo, na kila moja ilibidi tulipapase kabla ya kulipeleka lisije likawa na pini. Bi Foronya alikuwa ameyapapasa magauni hayo miaka yote bila kuuliza sababu. Sasa akavalishwa mojawapo, na mtaalamu wa mashine akaanza kumhoji: saa, pete, hereni, vibanio vya nywele, meno ya bandia, chuma chochote mwilini?

"Sina chuma," alisema Bi Foronya. "Ila kuna pasi moja ipo begani."

Yule mtaalamu akakodoa macho, kisha akaelewa na kucheka. Aliposikia ni nani, alicheka zaidi. "Kumbe ndiye wewe! Kwenye simu unasikika kama jitu."

Akamlaza chali kwenye kile kitanda chembamba, akamfunika bega kwa kitu kama kombe la plastiki, akamziba masikio, akamtia mkononi kimpira cha kubonyeza akizidiwa. Akamwambia mashine itapiga kelele sana, kama mafundi wanaovunja ukuta, lakini haiumi. Sharti ni moja: asitikisike. Nusu saa hivi. Mimi nikatoka, mlango mzito ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi la korido nikiisikiliza mashine ikigonga, ikinguruma, ikinyamaza, ikianza upya. Nilijua maumivu yake yalivyo akilala chali. Nilikuwa nangoja wakati wowote nisikie kengele ya kile kimpira. Haikulia. Mashine iliponyamaza kabisa nikamsikia mtaalamu akizungumza kwenye kipaza sauti: "Tumemaliza, mama. Mama? Mama, unanisikia?" Kisha nikasikia anakimbia.

Nami nikasimama. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambia nini mumewe. Mlango ukafunguliwa, na yule mtaalamu akatoka amejishika kichwa.

"Dada yako amelala," alisema. "Amelala! Watu wakiingia mle huwalilia mama zao. Huyu anakoroma."

Alipotoka alikuwa na alama ya vile viziba masikio shavuni na aibu usoni. Tulikwenda taratibu kwenye korido. Nilimwuliza amewezaje kulala kwenye kelele kama zile.

"Mdogo wangu," alisema, "mle ndani hakuna anayekuita. Hata mtu akitaka kitu, hawezi kukuomba. Na umeambiwa usitikisike. Ni amri." Akaongeza, "Nilivyosikia tumemaliza, nilijifanya sijasikia."

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Daktari kijana alisoma karatasi, akatuambia kwamba kano la begani limechanika na inaonekana itabidi afanyiwe operesheni. Baada ya hapo mkono ufungwe shingoni wiki kadhaa, kisha mazoezi.

Bi Foronya hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Kumwinua mtu mzima kitandani, inaruhusiwa lini?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

Daktari alifikiri. "Baada ya miezi sita tungeweza kuzungumza."

Alikunja ile karatasi mara nne, kwa ufundi, pembe kwa pembe, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kwenye meza ya kukunjia. Siku nzima alipanga foronya. Jioni tulipokuwa tunafunga madirisha akaniambia, "Sijui kwa nini watu huogopa operesheni. Mimi ninaogopa nyumbani."

Kesho yake asubuhi simu ya ukutani ikalia. Nikapokea mimi.

"Chumba cha sumaku hapa."

"Magauni yanakuja," nikasema.

"Si magauni. Mleteni Bi Foronya. Daktari wa picha anamtaka."

Huyu daktari wa picha ni mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye chumba chenye giza na kusoma picha za watu asiowaona. Alikuwa likizo, aliporudi akaanza kupitia upya picha zilizosomwa akiwa hayupo. Hakutusalimia kwa maneno mengi. Alivuta kiti kimoja, akamkalisha Bi Foronya mbele ya kioo cha kompyuta, akamtazama.

"Maumivu yalikuja kidogo kidogo au ghafla?"

"Kidogo kidogo miezi minne. Kisha ghafla, siku moja."

"Siku hiyo ulianguka? Ulivutwa mkono?"

"Niliinua shuka."

"Nilijua," alisema yule daktari, ingawa alikuwa anajisemea mwenyewe. Akaonesha kidole kwenye picha. "Hili ni kano lako. Kwenye MRI kano lenye afya huwa jeusi. Hapa katikati pana donge, nalo ni jeusi. Weusi umelala juu ya weusi, ukipita haraka huuoni. Na huu weupe unaouzunguka ni maji ya uvimbe. Mwenzangu aliuona huu weupe akadhani kano limechanika. Simlaumu, siku ile alisoma picha za watu thelathini. Lakini mimi nataka uende chumba cha pili ukapige eksirei ya kawaida. Dakika tano."

Eksirei ile ilitakiwa ipigwe kwanza kabla ya yote, alisema, maana chokaa haijifichi kwenye eksirei. Na kweli. Tuliporudi, picha ilikuwa imeshafika kwenye kompyuta yake, na juu ya mfupa wa bega palikuwa na doa jeupe, kubwa kama punje ya haragwe. Akaziweka picha mbili bega kwa bega, ya sumaku na ya eksirei, na pale penye haragwe jeupe upande huu, upande ule palikuwa na donge jeusi, mahali pale pale. Hata mimi wa kukunja shuka niliona.

"Ni chokaa," alisema. "Kalsiamu imejikusanya ndani ya kano. Halijachanika."

Bi Foronya aliitazama kwa muda mrefu. "Imeingiaje? Ni maji? Ni sabuni zetu?"

"Si maji, si sabuni, si maziwa. Sababu yenyewe hasa hatuijui. Huwapata watu wengi, zaidi wanawake wa umri wako."

"Na kwa nini iniumize sasa, kama imekuwepo?"

"Kwa sababu mwili umeanza kuiyeyusha. Inapojijenga hunyamaza, au husumbua kidogo tu. Ikianza kuondoka ndipo fujo inapoanza."

"Kama wageni," alisema Bi Foronya. "Hawana kelele mpaka wakiwa mlangoni."

Yule mama akacheka, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye amechoka. Alisema operesheni haina haja. Wiki ile ile wangemwingiza sindano, wakiongozwa na ultrasaundi, waioshe ile chokaa na kuivuta. Kisha apumzike.

Waliifanya Ijumaa. Nilikuwepo, nimeshika mkono wake mzima, naye alinibana mpaka vidole vikafa ganzi kuliko bega lake lililochomwa sindano ya ganzi. Daktari alisukuma maji, akavuta. Maji yakarudi ndani ya bomba la sindano yakiwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na unga ukatuama chini. Bi Foronya aliomba kulishika lile bomba. Akaligeuza kwenye mwanga.

"Kumbe ni hii tu," alisema, kama mtu aliyeoneshwa mwizi wake na kumkuta ni mfupi.

Daktari wa picha alikuwa anamwandikia cheti: wiki sita asiinue kitu kizito. Hapo mimi nikafanya jambo ambalo sikutumwa. Nikamwinamia na kumwambia kwa sauti ndogo, "Daktari, tafadhali, andika pia asiinue mtu." Alinitazama, akamtazama mgonjwa wake. Akaandika.

Jumapili mume alikuwa nyumbani, na mawifi wakaitwa. Nilikuwepo kwa sababu nilipeleka uji wa bibi, na sikufukuzwa. Mume alisoma cheti kwa sauti, taratibu, kama anasoma barua ya serikali. Wifi mkubwa akakiomba, akakisoma mwenyewe mara mbili.

"Hapa pameandikwa mtu," alisema.

"Ndiyo," alisema Bi Foronya.

"Daktari amejuaje?"

"Madaktari husoma."

Wifi mdogo akajishika mgongo. "Sasa wifi, sisi tutafanyaje? Mama mzito. Wewe ndiye unayemwelewa."

Nilitegemea atapandisha sauti. Alikuwa na haki hiyo. Lakini hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alisema tu, "Mtafanya kama nilivyokuwa nafanya. Shuka unaiweka chini ya mgongo, unavuta kuelekea kwako. Nitawaonesha mara moja." Akawaonesha kwa maneno, amekaa kwenye kiti, mkono umelala mapajani. Mumewe aliinama akavuta kwanza, akakosea, akavuta tena. Aliposimama alikuwa anahema, na nilimwona akimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kuhesabu kitu na hesabu inamshinda. "Mara ngapi kwa siku?" aliuliza. Alipoambiwa, akakaa chini.

Kulikuwa na siku mbaya katika wiki hizo. Bibi hakuzipenda zamu mpya. Aliweza kutamka maneno machache tu, na yote aliyatumia kuwasema binti zake: mikono baridi, mikono mizito, niacheni. Siku moja alipiga kelele, "Mkwe! Mkwe!" kwa muda mrefu, na wifi mkubwa akatoka chumbani machozi yakimlengalenga. Bi Foronya alikuwa chumba cha pili amejilaza. Alinisimulia hayo mwenyewe.

"Ukafanyaje?"

"Nilisikia," alisema. "Nikageukia ukutani. Mungu anisamehe, nikageukia ukutani nikalala."

Maumivu yaliisha baada ya wiki kama mbili. Mkono wenyewe ulichelewa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kupandisha vidole ukutani kama buibui, na kila asubuhi tulimpigia alama ya penseli kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, mpaka msimamizi akauliza ni nani anayechora ukuta wa serikali. Walipompiga tena eksirei, lile haragwe lilikuwa limebaki kama kivuli cha dengu.

Kwenye kukunja hakurudi. Msimamizi, baada ya kusoma cheti na kushika kiuno, alimhamishia kwenye meza ya kushona viraka, ambako mtu hukaa, na kwa kweli huko ndiko alikostahili kuwekwa zamani. Mimi nakunja na mama mmoja mpya ambaye ni mrefu kuliko mimi, na bado hatujazoeana.

Wifi mkubwa huja Jumatano na Jumamosi, amepata mtu wa kumshikia duka. Wifi mdogo alikuja mwezi mmoja, halafu mgongo ukarudi. Mume ameomba safari fupi, hajajibiwa. Siku nyingine zote bibi anageuzwa na Bi Foronya na yule jirani mzee, ambaye imeonekana ana nguvu kuliko alivyokuwa anasema.

Majuzi nilimwuliza kama amepona. Alikuwa ameinamia shuka iliyochanika, uzi mdomoni.

"Bega limepona," alisema. "Mimi bado." Akakata uzi, akaisukuma shuka upande wangu wa meza, akavuta nyingine.